Mshahara wa mama, ujira wa yaya: nani anamlipa nani?



Kila ifikapo Januari, skuli zikifunguliwa na ada za nasari zikidaiwa, maswali ya aina moja hutuzidia. Mke amepata kazi ya nusu siku, mtoto mdogo yuko nyumbani, yaya anataka kadha wa kadha kwa mwezi, na mume anauliza kama inafaa. Aghlabu swali huja na sura ya fatwa: je, inajuzu mke kutoka na kumwacha mtoto na mtu mwengine? Ukilisoma mpaka chini unakuta kinachoulizwa hasa ni hesabu, yaani pesa inayoingia inafika hiyo inayotoka au haifiki. Wapo pia wanaoleta hesabu tupu, wameipanga vizuri mstari kwa mstari, na ndani ya hesabu ile mna suala la kisheria wasiloliona. Leo tunataka kuyatenganisha mambo haya mawili, kwani yakichanganywa yote mawili huharibika.

Tuanze na hesabu. Mwaka 2022 Serikali ya Mapinduzi ilipandisha kima cha chini cha mshahara wa watumishi wake kutoka shilingi 300,000 hadi 347,000. Nusu ya hiyo ni 173,500. Basi tuchukue mfano wa mama anayesomesha zamu ya asubuhi katika skuli ya binafsi, analipwa 180,000. Namba tunazoziweka hapa ni za mfano tu, kila nyumba iweke zake. Daladala tuseme 600 kwenda na 600 kurudi, siku 22 za kazi, inakuwa 26,400. Yaya 80,000. Chakula cha yaya, sabuni yake, na nauli ya kwenda kwao sikukuu ukiigawa kwa miezi, 40,000. Jumla 146,400. Kilichobaki mkononi mwa mama ni 33,600 kwa mwezi mzima wa kuamka saa kumi na moja.

Sasa mtie mtoto wa miezi minane. Mama hayupo asubuhi, mtoto anakunywa ya kopo. Makopo mawili kwa mwezi, kila moja 30,000, ni 60,000. Ile 33,600 imekwisha na nyumba imeingia hasara ya 26,400, sawasawa na nauli ya daladala. Kwa maneno mengine, nyumba inatoa nauli ili mama aende akafanye kazi bure. Na hapo hatujahesabu chipsi na mikate ya kununua siku anazorudi hana nguvu ya kusimama jikoni.

Mume akiiona hesabu hii husema: basi, akae nyumbani. Wengi wameishia hapo. Sisi tunaona kuishia hapo ni haraka, kwa sababu hesabu hii ina mapungufu kadhaa, na moja katika hayo ni kubwa kuliko yote.

Dogo kwanza. Mara nyingi wanaume hutia katika gharama za kazi ya mke vitu ambavyo vingelipwa hata kama mke angekaa nyumbani. Ada ya nasari ya mtoto wa miaka minne ni mfano mmoja. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 imeyaingiza maandalizi katika elimu ya msingi, kwa hivyo mtoto yule anakwenda skuli mama akiwa kazini au akiwa barazani. Haifai ada ile kuandikwa kwenye deni la mama.

La pili ni kuifanya gharama ya muda kuwa ya milele. Yaya wa kutwa anahitajika hasa katika miaka mitatu au minne ya mwanzo. Baada ya hapo mtoto ana skuli asubuhi na chuo jioni, na mama wa nusu siku anarudi nyumbani karibu saa ile ile anayorudi mwanawe. Kazi aliyoiacha haimsubiri. Mwalimu aliyetoka kwenye orodha anarudi akiwa mgeni, na michango yake ya Mfuko wa Hifadhi ya Jamii, ZSSF, imekatika njiani. Hatusemi kwamba kwa sababu hiyo kila mama asiache kazi. Tunasema hesabu ya miaka mitatu isiamue jambo la miaka thelathini bila ya kuangaliwa.

Hili kubwa sasa. Kwa nini ujira wa yaya umetolewa kwenye mshahara wa mama?

Hakuna anayeuliza. Nyumba zote tunazozijua, msomi na asiyesoma, huandika hivyo hivyo: mshahara wa mke, toa yaya, toa maziwa, kilichobaki ni nini. Utafikiri mtoto amekuja na mama yake katika mahari! Mshahara wa baba hautolewi chochote. Hakuna anayesema baba anaingiza 500,000 kwenye duka, tutoe gharama ya mtu anayemwangalia mwanawe wakati yeye yuko dukani. Na mtu huyo yupo. Sema halipwi kwa sababu ni mkewe.

Turudi kwenye Kitabu. Aya ya 233 ya Suratul Baqara ndiyo aya ya malezi ya mtoto mchanga, na ukiisoma kwa utulivu utashangaa kiasi gani inazungumza na nyumba za leo. Inataja mama kunyonyesha miaka miwili kamili kwa anayetaka kutimiza. Inamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi ya mama kwa wema, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Inakataza mama kudhuriwa kwa sababu ya mwanawe, na baba vile vile. Inaruhusu kumwachisha mtoto ziwa mapema kwa ridhaa na mashauriano ya wote wawili. Kisha inageukia jambo hili tunalolizungumza: ikiwa wazazi watataka mtu mwengine amnyonyeshe mtoto wao, hapana ubaya, maadamu watamlipa ujira wake kwa wema. Kulipia malezi, basi, si jambo la kizungu lililokuja na hoteli. Limo ndani ya Qur'ani, na limekuja pamoja na sharti la kumlipa mlezi vizuri.

Na mlipaji ni nani? Mafaqihi wetu wa madhehebu ya Imam Shafi'i, ambayo ndiyo tunayoyafuata wengi visiwani, hawakuliacha jambo hili hewani. Katika Minhaj ya Imam Nawawi, kitabu kinachosomeshwa kwenye darsa zetu miaka na miaka, mama analazimika kumnyonyesha mtoto dang'a, yale maziwa ya mwanzo kabisa, kwa kuwa mtoto hasimami bila ya hayo. Baada ya dang'a, akipatikana mwanamke mwengine wa kunyonyesha, mama halazimishwi. Akiwa hapatikani, basi inamlazimu. Ujira wa kunyonyesha na gharama za malezi hutoka katika mali ya mtoto kama anayo. Kama hana, ni juu ya mwenye wajibu wa nafaka yake, naye ni baba. Si hilo tu, mke aliyezoea kuhudumiwa kwao mume humpasa kumwekea mtumishi. Na wapo wanaume wanaoihifadhi Minhaj nzima na ukurasa huu wakaupita haraka haraka.

Kwa hivyo kwa asili yake ujira wa yaya ni sehemu ya nafaka ya mtoto. Uandikwe upande wa baba. Ukiupanga hivyo, mfano wetu unabadilika. Mama ana 180,000, ametoa nauli yake 26,400, anabaki na 153,600 ambazo ni mali yake, hazina mshirika. Baba ana mshahara wake, na katika mshahara huo mna yaya na kopo la maziwa kama ulivyo mchele na umeme. Kwa nyumba nzima jumla ni ile ile, senti haikuongezeka. Kilichobadilika ni nani anayeonekana kuwa mzigo.

Hapa kina baba watatujibu, na jibu lao lina uzito. Watasema: sheikh, mimi sikumwambia atoke. Akikaa nyumbani sihitaji yaya. Gharama hii ameileta yeye kwa kutaka kazi, vipi niibebe mimi?

Tunasema kuna hali tatu na si vizuri kuzichanganya. Ikiwa mume anatimiza nafaka kwa ukamilifu na hakuridhia mke atoke, kwa madhehebu yetu anayo haki ya kutoridhia, isipokuwa kama kazi ilikuwa sharti walilokubaliana wakati wa kuoana. Sharti kama hilo waumini hulitimiza, na walii makini hulitaja mapema kabla ya posa kupokewa. Katika hali hii mke hawezi kumwambia mume lazima uniwekee yaya ili mimi niende kazini. Hali ya pili, mume ameridhia, na mshahara wa mke unaingia nyumbani: unanunua gesi, unalipa ada, umejenga msingi wa nyumba kule Fuoni. Mume huyu hawezi kula tunda na kuukataa mti. Aliporidhia, ameridhia pamoja na kinacholazimika, na mtoto kupata wa kumwangalia ni katika kinacholazimika. Hali ya tatu, wamekubaliana kwa uwazi kwamba mke atatoka na yaya atamlipa yeye mke. Ni sahihi akiridhia kwa moyo wake, lakini jina lake ni hisani. Isigeuzwe wajibu, na asije akasimangwa siku mshahara wake ukichelewa.

Hisani hiyo ina thawabu kubwa. Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (R.A.), alikuwa na chake na mumewe hali yake ni dhaifu. Alipouliza kama inamtosheleza kumpa mumewe na mayatima aliokuwa akiwalea, Mtume (S.A.W.) alijibu kwamba ana ujira mara mbili, wa ujamaa na wa sadaka. Hadithi hii imo katika Bukhari na Muslim. Inatufundisha mambo mawili kwa pamoja: kwamba mke anaweza kumsaidia mume, na kwamba anachotoa kimehesabiwa sadaka. Mtu halipwi ujira wa sadaka kwa kutoa kisichokuwa chake.

Ipo hali ya nne, na hatuiiti mjadala wa hiari. Mume hatoi, au hana. Minhaj hiyo hiyo inasema mke wa mume aliyeshindwa nafaka anaruhusiwa kutoka kutafuta riziki katika muda wa kusubiri, na mume hana haki ya kumzuia. Mwanamke wa namna hii akiitwa asi kwa sababu anauza vitumbua Darajani alfajiri, waliomwita ndio wa kuulizwa.

Tuangalie pia ilikotoka shida hii, kwani wazee wengi hutuambia mbona mama zetu walilima, walichuma karafuu, walikwenda pwani, na hapakuwa na yaya. Ni kweli, kwa sababu alikuwapo bibi. Alikuwapo shangazi, alikuwapo mke wa ami, na ua lilikuwa moja. Sensa ya 2012 iliihesabu Zanzibar watu 1,303,569. Ya 2022 ilihesabu 1,889,773, na karibu nusu yao wako Mkoa wa Mjini Magharibi. Watu hawa hawakuongezeka ndani ya ua wa bibi. Wamejenga Fuoni, Mwera, Bububu na Tunguu, kila mtu na kiwanja chake, na bibi amebaki Makunduchi au Wete. Na bibi wa siku hizi ana miaka hamsini, ana genge lake, ana kikundi chake cha kuweka na kukopa. Kumpelekea wajukuu watatu kila asubuhi bila ya hata kilo ya sukari ni kumpa kazi ya yaya bila ya mshahara wa yaya. Amri ya kuwafanyia wazazi wema haikusema tuwamalize.

Kina mama wa mwani, Paje na Jambiani, wanaijua kazi ya nusu siku kabla ya sisi kuipa jina. Tangu kilimo cha mwani kilipoanza kibiashara mwishoni mwa miaka ya 1980, ratiba yao inapangwa na bahari. Maji yakiwa bamvua wanashuka siku kadhaa mfululizo, saa chache kila siku, na maji yakiwa mafu wapo nyumbani. Mtoto mdogo hubaki na dada yake au na jirani ambaye zamu yake haijafika. Faida ya mpango ule ni kwamba wote wanaishi kwa saa moja, ya maji kupwa. Mjini kila mtu ana saa yake. Hoteli zina zamu za usiku, ofisi za serikali zinatoka saa tisa na nusu, na skuli za binafsi zinatoka adhuhuri. Wageni waliofika Zanzibar mwaka 2023 walipindukia 600,000, na nyuma ya kila chumba cha hoteli kuna mtu aliyekitandika, na nyuma ya mtu huyo mara nyingi kuna mtoto aliyeachwa na mtu mwengine.

Tofauti hii ya saa mara nyingine ni rehema, ila hatuitumii. Baba mwenye zamu ya jioni hotelini yuko nyumbani asubuhi nzima. Mvuvi wa usiku, akishalala, yupo. Mlinzi, dereva wa zamu, mwalimu wa jioni, wote wana nusu ya siku ambayo leo inaishia maskani kwenye karata na bao. Bibi Aisha (R.A.) aliulizwa Mtume (S.A.W.) alikuwa akifanya nini nyumbani kwake, akajibu kwamba alikuwa katika kuwahudumia watu wa nyumba yake, na wakati wa Sala ukifika hutoka. Imepokewa na Bukhari. Baba akibeba asubuhi tatu katika wiki, yaya anakuwa wa siku chache na ujira unapungua. Hatujui ni aya gani iliyosema mkono wa mwanamume haubadilishi nepi.

Neno moja kuhusu yaya mwenyewe, na hapa tutasema kwa ukali kidogo. Hesabu nyingi tunazoletewa zinafika kwa sababu moja: msichana analipwa shilingi 30,000 au 40,000, hana siku ya mapumziko, analala sebuleni, na mara nyengine miaka yake ni 13 au 14. Ametolewa shamba au amevushwa kutoka Bara kwa ahadi ya kusomeshwa, skuli hajaiona. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar ya mwaka 2011 inamwita mtoto kila aliye chini ya miaka 18. Familia inayomwacha mtoto wake kwa mtoto mwengine haijapata yaya, imeongeza mtoto wa pili asiyelelewa. Mshahara wa nusu siku unaosimama kwa kumpunja msichana kama huyu hauna haja ya kuulizwa kama unafaa. Mtume (S.A.W.) ameamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na aya ile ya Baqara imeweka sharti la wema kwenye ujira wa mlezi hasa.

Akiwa mtu mzima, apangiwe kazi zake. Kulea mtoto wa miezi minane na kufua na kupika na kuchota maji si kazi moja. Apewe nafasi ya kusali. Na kina baba wanaorudi mchana wakati mke bado yuko kazini wajue kwamba khalwa ni khalwa, haihalalishwi na mtoto wa mwaka mmoja aliyelala kitandani. Nyumba zilizovunjika kwa mlango huu tunazijua, na kadhi anazijua zaidi. Kama ratiba inamrudisha mume saa saba na mke saa tisa, basi ratiba ile ibadilishwe, au yaya amalize saa sita na baba akae na mwanawe.

Sasa mtu atuulize: kwa ufupi tufanye nini? Hatuwezi kutoa jawabu moja kwa nyumba elfu, lakini tunaweza kusema tunavyoona.

Mtoto akiwa chini ya miezi sita, na nafaka ya baba inatosha hata kwa dhiki kidogo, tunaona mama kubaki naye ni bora, na baba asilione hilo kuwa ni kumlisha mtu aliyekaa bure. Sheria ya kazi imempa mama aliyeajiriwa likizo ya uzazi yenye malipo. Aichukue yote, na mwajiri asimkatie tamaa. Baada ya hapo mpaka miaka miwili, kazi ya nusu siku iliyo karibu na nyumbani ina heri kuliko kazi ya nusu siku yenye mshahara mkubwa lakini ya mbali, kwa kuwa mama anayerudi saa sita anaendelea kunyonyesha asubuhi, mchana na usiku, na akiweza kukamua na kuhifadhi, kopo la 60,000 linapungua au linaondoka kabisa. Fanya hesabu upya katika mfano wetu uone: kopo likiondoka, nyumba imetoka kwenye hasara ya 26,400 na kurudi kwenye salio la 33,600. Umbali wa kazi unaamua kuliko mshahara, na ni jambo ambalo halimo kwenye barua ya ajira.

Na waandike. Si lazima kwa wakili. Daftari linatosha: nani analipa yaya, nani analipa maziwa, mshahara wa mke ukinunua bati au tofali basi ni zawadi, mkopo au ushirika. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ya kuandikiana madeni, na imo katika Sura hiyo hiyo ya Baqara. Wanandoa huona aibu kuandika wakiwa wanapendana, kisha huandikiwa na karani wa mahkama wakiwa wanachukiana. Tumeona kesi ambazo mke alimwaga mshahara wa miaka kumi kwenye nyumba na mbele ya kadhi hana hata kipande cha risiti. Kwa walioachana, jambo liwe wazi zaidi: talaka haimwondolei baba nafaka ya watoto. Mama aliyeachwa akifanya kazi, ujira wa anayemwangalia mtoto saa zile una nafasi yake katika madai ya nafaka. Apeleke hesabu kwa kadhi, na apeleke na risiti.

Lakini yako mambo ambayo nyumba moja haiyawezi peke yake. Angalieni misikiti yetu. Baina ya dhuha na adhuhuri iko mitupu. Vyumba vya chuo pembeni mwake navyo ni vitupu, kwani watoto wa chuo huja baada ya skuli. Mpango wa nasari za madrasa, uliotoka Mombasa ukafika Zanzibar mwaka 1990, ulituonesha kwamba jamii inaweza kuchukua chumba cha chuo na walimu wa mtaani waliofunzwa, ikapata mahali pa kuwalea watoto pa dini na pa kucheza. Vile vile vituo vya Tucheze Tujifunze, vile tunavyoviita TuTu, vilikwenda hadi vijijini kwa kutumia redio na walezi wa kijiji chenyewe. Lakini hivi vyote ni vya watoto wa umri wa nasari. Mtoto wa mwaka na nusu hana pake.

Tunapendekeza kamati za misikiti, kwa kushirikiana na masheha, zianze na kitu kidogo: chumba kimoja, mkeka safi, choo cha watoto, maji, na walezi wawili watu wazima wanaojulikana na mtaa, saa moja asubuhi hadi saa saba. Watoto kumi kila mmoja akilipiwa 20,000 na mzazi wake, walezi wawili wanagawana 200,000, yaani 100,000 kila mmoja kwa nusu siku, zaidi ya ile 80,000 ya yaya katika mfano wetu, na mzazi ameokoa 60,000 pamoja na gharama ya chakula cha mtu wa kulala ndani. Chakula cha mtoto kila mmoja aje nacho. Wasioweza kulipa 20,000 walipiwe kwa sadaka, na walio mafukara wapewe zaka mikononi mwao kisha walipe wenyewe kama wenzao, ili asijulikane nani amelipiwa. Kamisheni ya Wakfu na Mali ya Amana inasimamia majumba ya wakfu mjini. Waliyoyaweka wakfu walitaka thawabu isiyokatika, na hatudhani wangechukia chumba cha chini kikajaa watoto badala ya makasha.

Usimamizi uwe wa kina mama wenyewe, kwa kuwa wao ndio watakaogundua mapema mlezi akimpiga mtoto au akimwacha na nepi ya tangu asubuhi. Kazi ya kamati ya msikiti iwe kutoa chumba, kuhifadhi daftari la fedha na kulisoma hadharani kila mwezi baada ya Sala ya Ijumaa. Kamati itakayokuwa tayari ituandikie, tutaichapisha hesabu yake ya mwezi wa kwanza kama ilivyo, ikitoka na faida au ikitoka na hasara.

Wallahu a'lam.